Unaenda kuendesha gari Sweden? Muogope musi kabla hujamuogopa dubu

Kijana wetu mmoja wa Kisauni kapata kazi ya udereva kule Sweden kaskazini, mamake kanipigia simu juzi aniuliza ati mwanawe hataliwa na dubu? Nkamwambia mamangu, dubu muache kwanza, mwambie ajichunge na musi. Mimi nilikaa Umeå, mji wa huko huko kaskazini, misimu miwili ya baridi nasambaza vifurushi na kigari kidogo, dubu sikumtia machoni hata siku moja, lakini musi nilimuona mpaka nkamzoea, na kumzoea ndio kosa lenyewe.

Musi, Waswidi wamwita älg, ni ukoo mmoja na kulungu lakini usije ukafikiria vile vipaa vya Shimba Hills. Dume lafika kilo 500 na kuzidi, begani karibu mita 2, yani mgongo wake uko juu ya paa la Probox. Miguu sasa, mirefu myembamba kama mirunda, na hapo ndipo pabaya kwa sababu ukimgonga boneti inapita na miguu, alafu lile jiwili lote lakuja kwako kwa kioo cha mbele. Ng'ombe wa Mariakani ukimgonga utalia gari. Musi ukimgonga watalia watu wako.

Shida ya kwanza ni kumuona. Mbuzi ama paka usiku waona macho yang'aa, bas washika breki, lakini huyu kichwa chake kiko juu taa zapita chini, na rangi yake nyeusi-nyeusi, kwa hio tafuta miguu, usingoje macho. Saa zake ni alfajiri na magharibi, na ujue Desemba kule jua lazama saa nane mchana kwa hio hesabu siku nzima ni magharibi. Barabara kubwa zina senyenge kuzuia wanyama, watu hujisahau wakakanyaga mafuta, na pale senyenge inapoishia ndipo wanapovukia. Ukiona kile kibango cha njano chenye picha yake punguza mwendo kweli kweli, si urembo kile. Na akipita mmoja usiondoke mbio, huenda mtoto yuko nyuma. Mwezi wa 5 na wa 6 ndio zaidi, mama akikaribia kuzaa humfukuza yule mtoto wa mwaka jana, lazurura barabarani halijui liende wapi.

Akikutokea ghafla kanyaga breki yote, na kama lazima ukate usukani kata kwa nyuma yake, kule alikotoka, maana yeye mara nyingi huendelea mbele. Usikate ukaingia kwa lori linalokuja (na kumbuka wao hupita kulia, si kama huku). Ukishamgonga piga 112, nambari ya dharura ya kule, na utie alama pale, hata kama kakimbilia msituni, ni sheria, polisi humtuma mwindaji na mbwa wake amtafute asibaki kuteseka.

Kwa miguu mambo ni mengine. Musi akilaza masikio nyuma na nywele za mgongo zikasimama, huyo keshakasirika, we toka mbio, hakuna aibu, jifiche nyuma ya mti mnene. Hataki kukula, ataka uondoke tu, hakufuati mbali. Akikuangusha jikunje, kinga kichwa na utulie mpaka aende zake. Dubu ni kinyume chake, dubu usimkimbie kabisaa, ongea naye pole pole huku warudi nyuma. Nlimfunza yule kijana hivi kwa simu, akanirudishia kichwa chini miguu juu, nkamwambia rudia tena, hapa ukichanganya umekwisha.

Septemba na Oktoba ongeza hadhari, madume yako kwenye kutafuta wake hayana akili. Na ndio wakati matofaa yanaanguka mashambani yakachacha, wasema musi akila mengi hulewa kama mtu wa mnazi. Mwaka 2011 huko Särö karibu na Gothenburg mmoja alikutwa kanasa juu ya mti wa matofaa, ikabidi waje kumtoa. Wallahi si hadithi.

Renidia, ukoo huo huo wa kulungu, utawaona pia, makundi makundi barabarani kwa sababu hapo kuna chumvi na theluji ni kidogo, hao si wa mwitu, wana wenyewe, Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, kwa hio ukigonga pia waripoti.

Sasa nyama. Uwindaji kaskazini waanza Septemba na jirani atakuletea pande la musi, hawa watu kwa hilo ni wakarimu. Uhalali wake muulize ustadhi wako, mimi sisemi kitu. Lakini kama utaipika jua haina mafuta kabisa, pilau la kwanza nililopika lilitoka kama nimeweka vipande vya kandambili. Chemsha masaa matatu moto mdogo, tangawizi na thomu usizionee huruma, na mafuta ongeza wewe.