Jinsi ya kuzizoea nyimbo za Kijapani za machipuko na mahafali (anza na kalenda kwanza)

Kama umewahi kufungulia wimbo wa Kijapani wenye neno sakura (yale maua ya mcheri) kwenye jina ukajikuta machozi yanakulenga na hujui hata wanaimba nini, basi haya yanakuhusu. Mimi mwanzoni nilikuwa nazisikiliza zote kama nyimbo za kuachwa na mpenzi, tena nikajifanya mjuaji kabisa, nikaja kugundua baadaye kwamba kuna kitu kidogo nimekiruka. Kalenda.

Kwa hiyo anzia hapo kabla hata hujatafuta wimbo. Japani mwaka wa shule unaanza Aprili na unaisha Machi. Mahafali ni Machi, sherehe ya kupokea wanafunzi wapya ni Aprili, na kampuni nyingi zinapokea waajiriwa wapya tarehe 1 Aprili, yaani nchi nzima inaagana halafu baada ya wiki chache tu inaanza upya kwa pamoja. Na katikati ya purukushani hiyo ndo sakura zinachanua, Tokyo huwa mwishoni mwa Machi hivi, alafu zinapanda taratibu kuelekea kaskazini mpaka Hokkaido huko inakuwa mwishoni mwa Aprili au Mei. Maua yenyewe hayakai, yakishafunguka yote baada ya siku chache yanaanza kupukutika. Sasa ukisikia mtu anaimba petali zinaanguka, usikimbilie mapenzi, inawezekana anamkumbuka rafiki wa darasani aliyehamia mji mwingine. Ila sehemu nyingi siku ya mahafali sakura bado hazijafunguka vizuri, kwenye nyimbo ndo zinachanua kwa wakati siku zote!

Ukishaelewa hilo, jambo la pili ni kuacha kutafuta neno "mahafali" ndani ya mashairi. Hapa wengi wanapotea. Nyimbo kibao zinazoimbwa Machi hazikutungwa kwa ajili ya shule. Chukua "3-gatsu 9-ka" ya bendi ya Remioromen, 2004, jina maana yake ni tarehe 9 Machi tu, na ilitungwa kwa ajili ya harusi ya rafiki yao. Baadaye ikaimbwa na wanafunzi kwenye tamthilia ya televisheni, na tarehe yenyewe inaangukia msimu wa mahafali, basi ikaingia shuleni moja kwa moja. "Okuru Kotoba" ya kundi la Kaientai, 1979, nayo ilikuwa wimbo wa tamthilia ya mwalimu na wanafunzi wake, watu wakaagania nao miaka na miaka, wakati Takeda Tetsuya aliyeandika mashairi amesema mwenyewe chanzo chake ni kukataliwa na mwanamke. Kinachoufanya wimbo uwe wa mahafali ni Machi, na watu waliouimba wakiwa wamesimama pamoja.

Haya, wimbo wa kwanza kujifunza. Usianze na wa redio, anza na wa kwaya, na ningekuwa nakushika mkono ningekupeleka moja kwa moja kwenye "Tabidachi no Hi ni", yaani "siku ya kuanza safari". Ulizaliwa mwaka 1991 katika shule ya sekondari ya Kagemori huko Chichibu, mkoa wa Saitama. Mwalimu wa muziki, Sakamoto Hiromi, alimwomba mkuu wa shule, Kojima Noboru, aandike mashairi kwa ajili ya wanaomaliza, mkuu akaandika, mwalimu akatia melodi, na walimu ndo wakawaimbia wanafunzi kama zawadi ya kuwaaga. Haikupangwa itoke nje ya geti. Leo ni moja ya nyimbo zinazoimbwa zaidi kwenye mahafali nchi nzima. Tafuta video ya kwaya ya shule, usichukue ya studio, sikiliza mara tatu bila kusoma chochote, mara ya nne fuata sauti moja tu, labda ya wavulana, uone zile sauti zinavyoachana halafu zinarudiana.

Sasa kuimba. Hapa sisi wa Kiswahili tumependelewa kweli. Irabu za Kijapani ni tano, a i u e o, na unazisoma karibu vilevile unavyosoma zetu, na silabi karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo mashairi yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini unayasoma siku ya kwanza na unaeleweka. Hata ile n inayosimama peke yake ikala pigo lake, sisi tunayo tayari, fikiria n ya "nchi" au m ya "mtu", hiyo hiyo. Tatizo letu liko kwingine, kwenye mkazo. Tumezoea kukandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, ukifanya hivo unasema saKUra na mtu anajua papo hapo. Kijapani kila silabi ina urefu sawa, gonga meza kwa kidole, sa-ku-ra, mapigo matatu yanayolingana, tabidachi ni manne. Irabu ndefu, ile yenye kistari juu kama ō, ni mapigo mawili, usiifupishe, na konsonanti ikiandikwa mara mbili unakata pumzi kidogo katikati. Fanya hivyo wiki moja kabla ya kuhangaika na melodi, utanishukuru.

Maneno machache ukiyajua utaelewa nusu ya msimu mzima: haru ni machipuko, sotsugyō ni kuhitimu, wakare ni kuagana, tabidachi ni kuanza safari, hanabira ni petali, namida ni machozi. Ukiyasikia matatu kwenye kiitikio kimoja ujue uko Machi.

Kama una kinanda, kuna njia rahisi ya kuingia kwenye nyimbo za zamani. "Sakura Sakura", ule wa asili unaopigwa na koto, kinanda cha nyuzi cha Kijapani, una noti tano tu, piga vitufe vyeupe na uruke re na sol (D na G), hapo hapo utasikia ile ladha. "Hotaru no Hikari" nayo ni noti tano lakini za mpangilio mwingine, inapigika kwa vitufe vyeusi peke yake. Melodi yake ni ya Kiskoti, ile ya Auld Lang Syne, ikaingizwa kwenye kitabu cha nyimbo za shule mwaka 1881 na mashairi mapya ya Kijapani kuhusu mwanafunzi maskini anayesomea kwa mwanga wa vimulimuli na wa theluji dirishani, kisa chenyewe kikitoka China. Beti ziko nne, leo huimbwa mbili za mwanzo, hizo nyingine ni za kizalendo na zimeachwa. Mwenzake "Aogeba Tōtoshi" wa 1884, wa kuwashukuru walimu, usianze nao, Kijapani chake ni cha kizamani na hata vijana wao wanakiimba bila kukielewa chote.

Plelisti ipange kwa mwendo wa kalenda. Anza na baridi inayoondoka, "Nagoriyuki" ya Iruka (1975) inafaa, theluji ya mwisho na mtu anaondoka na treni. Alafu kwaya. Alafu sakura, na hapa jihadhari maana nyimbo zinazoitwa "Sakura" ni nyingi mno, andika na jina la msanii, Moriyama Naotarō ni 2003, Kobukuro 2005, Ikimonogakari 2006. Baada ya machozi weka Aprili, changamka, "Ichinensei ni Nattara" ya watoto wanaoingia darasa la kwanza na ndoto ya marafiki mia. Mwisho kabisa rudisha "Hotaru no Hikari", lakini ujue maduka mengi Japani yakikaribia kufunga yanapiga melodi hiyo hiyo, mara nyingi kwa mapigo matatu ya waltzi, kwa hiyo ukienda kule ukaisikia usisimame kulia katikati ya duka, peleka vitu vyako kaunta.