Somo: Kukagua nakala ya milimita 16 (upana wa mkanda) ya filamu bubu ya kauboi kabla hujalipa

Jina lililoandikwa kwenye kopo lisikudanganye. Filamu za kauboi za zamani zilizungushwa sokoni mara nyingi, nyingine zikakatwa, nyingine zikapewa jina jipya. Kagua mkanda wenyewe.

1. Nusa. Harufu ya siki maana yake asetati, plastiki ya mkanda, inaoza, na mvuke wake huozesha mikanda ya jirani.

2. Pima kusinyaa. Laza mkanda mezani bila kuuvuta. Pima kuanzia ukingo wa tundu la kwanza hadi ukingo uleule wa tundu la 101. Mkanda usiosinyaa hutoa milimita 762. Ukipata 754, umepungua kwa takriban asilimia 1; meno ya projekta hayataingia sawasawa kwenye matundu, yatayararua. Nakala nyingi nzuri huharibikia hapa, kwa sababu kwa macho hazina kasoro. Iliyosinyaa hivyo ipeleke kwenye skana (mashine ya kunakili filamu kidijitali) isiyotumia meno.

3. Pima urefu. The Great Train Robbery ya Edwin S. Porter (1903) ilikuwa futi 740 kwa milimita 35, yaani kama futi 296 kwa milimita 16. Ukiletewa futi 200, imekatwa, na bei nayo ikatwe.

4. Sasa washa projekta, picha 16 hadi 18 kwa sekunde. Ukiiendesha kwa 24, dakika 12 zinakuwa 8 na farasi wanakimbia kama wamevamiwa na nyuki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nakala yangu ya hiyo ya 1903 inaanza na jambazi akitufyatulia bastola. Iliungwa vibaya?
Jibu: Hapana. Katalogi ya Edison, kampuni iliyoitengeneza, ilimwachia mwonyeshaji achague kuliweka onyesho hilo mwanzo au mwisho. Usiiguse.

Swali: Mwalimu, nikiusafisha mkanda, siki itaisha?
Jibu: Haiishi. Baridi huichelewesha tu. Utenge na mingine, wala usiufungie kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Swali: Nimepata yenye maandishi ya Kicheki. Niiache?
Jibu: Usiiache! Straight Shooting ya John Ford (1917) ilidhaniwa imepotea mpaka nakala ilipoonekana kwenye hifadhi ya filamu ya Czechoslovakia.

Swali: Na ya milimita 35?
Jibu: Ikiwa ni ya kabla ya 1951, ichukulie kuwa naitreti, plastiki ya zamani inayoshika moto kwa urahisi. Ikiungua hujitengenezea oksijeni yenyewe, hata maji hayaizimi. Usiionyeshe, wasiliana na hifadhi ya filamu. Mikanda ya Kodak ya milimita 16 ilitolewa kwa asetati tangu 1923.