Rangi ya buluu inayotenganisha hamira hai na mfu

Hadi juzi nilikuwa nikihesabu seli zote za hamira chini ya hadubini kana kwamba zote ni nzima. Kumbe dawa ni tone moja tu. Changanya kiasi sawa cha maji yenye hamira na myeyusho wa methilini buluu (rangi ya maabara) wa asilimia 0.01, subiri dakika moja hadi tano, kisha hesabu. Seli mfu hubaki buluu iliyokolea. Zilizo hai huonekana nyeupe, kama vitone vya maziwa kwenye wino. Rangi huingia kwa urahisi kwenye seli iliyokufa na kubaki humo, ila seli hai huizuia, na kiasi kidogo kinachopenya, vimeng'enya vyake hukigeuza kisiwe na rangi. Chipukizi lililobebwa na seli mama lihesabu kama seli ya pili pale tu linapozidi nusu ya ukubwa wake.

Usichelewe. Ukiiacha slaidi muda mrefu, hata nzima huanza kunywa rangi. Hamira kavu iloweke kwanza katika maji ya nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi, kwani maji baridi huvujisha utando wake na kuua seli nyingi kabla hujaanza.

Njia hii haifai hamira iliyochoka sana: seli hai zikishuka chini ya takriban asilimia 85, huwa inatoa hesabu ya juu kuliko hali halisi. Hapo otesha kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) uhesabu makundi yanayoota.