Jinsi ya kumsoma trilobaiti kwa kutumia kamba wa feri

Ukitaka kuwaelewa trilobaiti, wale wanyama wa baharini wenye magamba waliotoweka miaka kama milioni 252 iliyopita, usianze na picha, nenda feri, soko la samaki hapa Mtwara, asubuhi ununue kamba mmoja mkubwa. Mkunje taratibu. Cheki pingili za mgongoni, gamba moja linalala juu ya lenzake, ndo maana anakunjika bila kuacha nyama wazi. Trilobaiti nao walikuwa na pingili, na wengi walijikunja kama jongoo, kichwa kinakutana na mkia, tumbo laini linabaki ndani. Wale wa mwanzo mwanzo idadi ya pingili ilikuwa inabadilika hata ndani ya aina moja, baadaye ikatulia.

Sasa njoo kwenye picha ya kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale ndani ya jiwe, angalia macho. Makubwa yanayotokeza sana, mara nyingi huyo ni muogeleaji. Hana macho kabisa, pengine alikaa gizani au kwenye matope. Na lenzi zao zilikuwa kalsaiti, yaani jiwe kabisa!

Walikuwa wanajivua gamba pia (sio lile la siasa), so visukuku vingi ni maganda tu, usihesabu kila kipande mnyama mzima. Alafu watu wa Lindi msiwatafute Tendaguru, mawe ya pale ni ya dinosaria, miaka kama milioni 150, trilobaiti walishaisha kitambo.