Mshipa wa chapati: ninavyowaeleza wazee wa presha

Zamani niliwaambia wagonjwa wangu hapa Iringa kwamba mafuta huganda mshipani kama uchafu kwenye bomba. Mzee mmoja wa Ilula akayashika maneno yangu: akaacha vidonge, akawa anakunywa maji ya moto na limau kila alfajiri ili azibue. Alirudi upande wa kulia umepooza. Tangu siku hiyo sitaji bomba; natengeneza mshipa kwa chapati, hivi.

Kanda unga wa chapati, sukuma vipande viwili vyembamba. Kimoja zungushia mpini wa mwiko. Huo ndio utando wa ndani, unaoguswa na damu. Paka samli mahali pamoja juu yake, halafu leta njegere mbichi.

Samli ni kolesteroli, mafuta yaliyomo damuni; njegere ni chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili. Utando ukichoshwa na presha, sigara au kisukari, kolesteroli hupenya ukutani, huharibika humo, na ukuta huita walinzi. Monositi, aina mojawapo ya chembe hizo nyeupe, huingia, hugeuka kuwa makrofaji, yaani chembe walaji, na kuanza kumeza mafuta. Mpe mgonjwa njegere aigaragaze mwenyewe kwenye samli. Hapa usiwe na haraka, maana wengi hudhani mlinzi hawezi kuleta madhara. Makrofaji humeza hadi hujaa mapovu ya mafuta, nyingi hufia palepale na kumwaga zilichomeza, na wito wa kuita wenzao hauishi. Ndio mchochota huo, kama jipu lisilopona.

Funika kwa kipande cha pili, chomoa mpini, bonyeza taratibu kwa nje. Kinundu kitatokea kwa ndani. Waulize: samli imo ndani ya ukuta, maji ya limau yataifikiaje?

Sasa choboa kinundu kwa mwiba. Samli ikitokeza, waambie damu ikigusa uchafu huo huganda bonge: moyoni ni shambulio, ubongoni ni kiharusi.

Kuna atakayeuliza kwa nini walinzi wasizuiwe. Utafiti wa mwaka 2017, wa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, ulijaribu kanakinumabu, dawa ya kutuliza mchochota. Mashambulizi yalipungua bila kolesteroli kushuka, lakini vifo vya maambukizi viliongezeka. Sisi tuna vidonge vya presha na statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Vimezwe kila siku, hata mtu akijisikia mzima.

Mwishoni mwombe mmoja aeleze upya, kwa Kihehe akipenda. Akitaja kuzibua, rudini kwenye samli.