Somo: Kila mwanafunzi awe na mwalimu wake (malezi na unasihi, yaani ushauri nasaha, shuleni, hatua kwa hatua)

Walimu wenzangu, habari za kazi.

Nianze na binti mmoja wa kidato cha pili, shule ya kutwa niliyowahi kufundisha. Alichelewa kila wiki, na kila wiki alichapwa getini. Siku moja nilikuwa zamu, nikamwambia anyooshe mikono. Viganja vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka. Kamba ya kisima. Mama yake alikuwa kitandani tangu mwezi uliopita, na yeye ndiye aliyekuwa akichota maji, akimwogesha mdogo wake na kumpeleka kwa jirani kabla ya kuanza safari ya shule. Walimu wote tulimjua kwa jina. Hakuna aliyejua habari zake. Sijamsahau, na ndiyo sababu ya somo hili.

Hatua ya 1: Gawa wanafunzi kwa walimu wote

Shule nyingi zina mwalimu mmoja wa malezi anayebebeshwa shule nzima, tena ana vipindi vyake kama wengine. Hilo halitekelezeki. Ukiwa na wanafunzi 420 na walimu 28, kila mwalimu, hata mkuu wa shule, anapata watoto 15. Ziiteni familia. Changanyeni vidato, ili wa kidato cha kwanza awe na kaka na dada wa kidato cha nne. Kutaneni dakika 20 kila wiki, siku moja isiyobadilika, na msifundishe chochote. Ulizeni tu: nyumbani hawajambo? Wiki imekwendaje? Wiki tatu za mwanzo watajibu "salama" wote. Msikate tamaa, wiki ya nne au ya tano mmoja atabaki nyuma wenzake wakitoka.

Mpishi wa uji na mlinzi wasiachwe nje ya mpango huu. Wao ndio wanaomwona asiyekunywa uji, na anayebaki getini jioni hataki kwenda nyumbani.

Hatua ya 2: Soma rejista kama unavyosoma barua

Tumezoea kuhesabu siku za utoro. Angalia na mpangilio wake. Anayekosa kila siku ya gulio anafanya biashara, au analea wadogo mama akiwa sokoni. Anayekosa siku chache kila mwezi huenda hana taulo za kike, na shule inaweza kulimaliza hilo kwa pakiti chache na choo chenye mlango unaofungwa. Aliyekuwa mzuri akaanza kusinzia ghafla, huyo usimngoje mwisho wa muhula.

Hatua ya 3: Mahali pa kuzungumzia

Si lazima kiwe chumba. Panapofaa ni pale mnapoonekana lakini hamsikiki: benchi chini ya mwembe, au ofisi yenye mlango wazi. Kaa ubavuni pake, usikae nyuma ya meza. Usianze na "kwa nini", maana neno hilo mtoto analisikia akiwa anaadhibiwa. Mwambie, "Nieleze ilivyokuwa." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kwetu walimu.

Na usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Sema mapema: "Sitawatangazia watu, ila nikiona uko hatarini nitamwambia anayeweza kukusaidia."

Hatua ya 4: Jua pa kumpeleka

Bandika ofisini majina na namba za afisa ustawi wa jamii, zahanati ya karibu na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba ya kupigia kuomba msaada wa mtoto ni 116, haina malipo, iandikwe hata ukutani mwa vyoo. Mtoto aliyebakwa afike hospitali haraka, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Vikao vya kuyamaliza kifamilia vinakula saa hizo zote. Mwalimu usikae kwenye kikao hicho, wala usikipe chumba.

Hatua ya 5: Fimbo na unasihi visishikwe na mkono mmoja

Mwalimu wa nidhamu asiwe mnasihi. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 hapa Tanzania zinaweka ukomo wa viboko vinne, atoe mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Viboko vya getini asubuhi haviko humo. Mimi naamini tungefika mbali zaidi bila fimbo kabisa.

Maswali ya walimu

Mwalimu, Kigoma: Sisi tuko saba, wanafunzi 600. Familia zitakuwa na watoto zaidi ya 80!

Jibu: Anzeni na kidato cha kwanza peke yao, na wale ambao rejista imewaonyesha. Wengine wasimamiwe na viongozi wa baraza la wanafunzi, ila viongozi hao kazi yao iwe kuleta taarifa, wasijaribu kutatua.

Mwalimu, Lindi: Binti amejifungua, anataka kurudi kidato cha tatu. Wazazi wa wenzake wanapinga.

Jibu: Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi. Wasomeeni wazazi hao kwenye kikao. Kabla hajafika, kaa na walimu wote mkubaliane kwamba hakuna atakayemtania darasani. Muulize pia mtoto anabaki na nani na ananyonya saa ngapi. Ratiba ikimbana, atatoroka mwezi wa kwanza.

Mwalimu wa bweni, Mombasa: Kwetu viboko vilipigwa marufuku tangu 2001, lakini wavulana hawasemi kitu.

Jibu: Shikamoo, mwalimu. Mvulana usimwite ofisini. Mpe kazi mfanye pamoja, kubeba madawati au kupaka chokaa mistari ya uwanja, maneno yatakuja mikono ikiwa na shughuli. Na siku ya kutembelewa, pita bwenini jioni. Tafuta yule ambaye hakupata mgeni, ukae naye mpaka taa zizimwe. Namba 116 inafanya kazi na huko Kenya pia.