Kabla Hujanunua Bastola ya Kwanza: Mambo ya Kuweka Sawa Nyumbani na Kituoni

Anza na sababu. Utaulizwa mtaani, utaulizwa kata, utaulizwa wilayani, kwa hiyo uwe na jibu lenye nyama. Mtu anayetembea na fedha za mauzo ana maelezo. Mwenye shamba la mbali lisilo na jirani ana maelezo. Anayetaka ionekane kiunoni akiinama kaunta ya baa hana maelezo, na mtu huyo asiendelee kusoma, aende akanunue saa.

Karatasi kwanza, silaha baadaye. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Maombi yanaanzia chini, kwa watu wanaokujua: serikali ya mtaa au ya kijiji. Yanapanda kata, wilaya, mkoa, mpaka makao makuu ya polisi. Njia ni ndefu, na imefanywa ndefu makusudi. Akitokea mtu wa mtu akikwambia anayo "safi kabisa" na karatasi zitafuata, ondoka hapo hapo wala usiiguse. Hujui imefanya nini kabla ya kufika kwako. Namba iliyochongwa kwenye chuma ndiyo inayoandikwa kwenye leseni, kwa jina lako wewe. Huazimi ya rafiki, humwazimi shemeji anayesafiri usiku, humwachii mlinzi wa getini hata kama ni mwaminifu wa miaka.

Kisha jifunze, na ujifunze kabla ya kununua. Tafuta mkufunzi anayetambulika, uende renji, uwanja wa kulenga shabaha, upige risasi nyingi za kutosha hadi ule mshtuko wa mkono uishe. Aliyeona filamu nyingi ni mgumu kufundishika kuliko ambaye hajawahi kuona kitu. Atakayekufundisha ataanza na mambo manne, nawe yashike kama unavyoshika aya. Kila bastola ina risasi mpaka uhakikishe mwenyewe. Mtutu hauelekezwi kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kinakaa nje ya triga mpaka umeamua kufyatua. Na ujue kilichopo nyuma ya unachokilenga, kwa sababu risasi ya milimita 9 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na mlango wa mbao au dari la jipsamu haviizuii.

Hilo la kuhakikisha ndilo linalowaangusha wengi, hasa kwa bastola za magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini. Kutoa magazini hakumalizi kazi. Ikiwa imeshakokiwa, risasi moja imebaki kwenye chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kufyatuliwa, imekaa kimya, na magazini iko mezani mbele ya macho yako ikikudanganya kwamba mambo yameisha. Mpangilio ni huu: mtutu upande salama, kidole nje ya triga, toa magazini, halafu vuta koki, ile sehemu ya juu inayoteleza kurudi nyuma, mpaka mwisho, risasi ya chemba iruke nje. Ishikilie ikiwa wazi, tazama ndani ya chemba, ingiza ncha ya kidole upapase. Ukigeuza, ukavuta koki kabla ya kutoa magazini, umetoa risasi moja na kuingiza nyingine. Hapo umejipakilia mwenyewe huku ukiamini umepakua. Fanya hivyo kila unapoipokea kutoka kwa mtu, hata kama umemwona kwa macho yako akiikagua sekunde iliyopita. Hachukii mtu anayejua silaha.

Sefu. Nunua sefu kabla ya bastola, ya chuma, iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, si kijisanduku ambacho mwizi atakibeba kwapani. Risasi zikae mahali pengine penye kufuli lake. Chini ya mto hapana. Juu ya kabati hapana. Kwenye dashibodi ya gari hapana kabisa, magari yanavunjwa vioo mchana kweupe. Na usijidanganye kwamba watoto hawajui. Watoto wa nyumba yoyote wanajua biskuti zimefichwa wapi, zawadi za Idi zimefichwa wapi, na baba anaweka funguo wapi anapooga.

Mwenzi wako lazima ajue. Sijasema akubali tu, nasema ajue: iko wapi, inafunguliwaje, leseni iko faili gani, kituo gani kinaitambua. Wanaume wengi wanalificha hili, wanasema mke ataogopa. Basi niwasimulie ya kwetu.

Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa machungwa, Muheza. Msimu ukifika anakusanya shamba kwa shamba, malori yanapakia usiku, fedha nyingi zinapita mikononi, na bastola alipewa kihalali kabisa kwa sababu hiyo. Alifariki ghafla, presha. Mama mdogo akaingia eda. Siku ya tatu wazee wakakaa kama ilivyo ada kutafuta madeni ya marehemu, maana deni hulipwa kabla ya urithi kugawiwa. Wakaomba sanduku lake la makaratasi. Likafunguliwa mbele ya watu: hati ya shamba, daftari la wadai na wadaiwa, stakabadhi za lori, na chini kabisa kitu kizito kimeviringishwa kwenye kitambaa cha kanzu.

Mama mdogo hakuwa na habari. Miaka yote ya ndoa, hana habari. Aliitwa kutoka chumba cha ndani akaulizwa, akabaki anatazama sakafu, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai. Wazee nao hawakujua la kufanya. Mmoja akasema irudishwe ndani ya sanduku, mwingine akasema itupwe chooni, wa tatu akasema aitwe mwenyekiti wa kijiji. Huyo wa tatu ndiye aliyekuwa na akili, ila hakusikilizwa, kwa sababu binamu yetu mmoja aliyekuwa amepitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, alikwishanyoosha mkono: nipeni, mimi naijua hii.

Akatoa magazini. Akaionyesha juu ili wote waone. Akasema, sasa haina kitu. Akabonyeza triga kututhibitishia.

Risasi ilipita kwenye mlango wa ubao ikaingia ukumbini, ikaishia ndani ya gunia la mchele wa hitima. Upande wa pili wa gunia lile walikuwa wamekaa wanawake, wanachambua mchele kwenye nyungo. Hakuna aliyeguswa. Kwa muda watu walikuwa hawasikii vizuri, wanaonana midomo tu inavyochezacheza.

Yaliyofuata yalichukua muda mrefu kuliko msiba wenyewe. Majirani walipiga simu, polisi wakaja, na wakafanya kazi yao. Binamu alilala ndani. Wazee wakaandika maelezo mmoja mmoja. Leseni haikuonekana, kumbe ilikuwa kwenye droo ya ofisini Tanga mjini, na ufunguo alikuwa nao karani aliyekwenda kwao likizo. Mpaka ilipopatikana, pale kituoni ilikuwa silaha isiyo na maelezo ndani ya nyumba ya mjane. Na mjane mwenyewe, aliye ndani ya eda, miezi minne na siku kumi za kutulia nyumbani, ikambidi atoke kwenda kituoni kuulizwa habari za kitu alichokiona kwa mara ya kwanza mbele ya mashemeji zake. Nadhani aibu ile ilimuuma kuliko hofu. Hajawahi kuizungumza.

Kwa hiyo, kabla hujaileta nyumbani, andika karatasi moja. Namba ya silaha, leseni iko wapi, sefu iko wapi, kituo cha polisi kinachokutambua. Nakala moja apewe mwenzi, nyingine ndugu mmoja mtu mzima. Chini yake andika kwa herufi kubwa: nikifa, msiiguse, fungeni chumba, iteni polisi waje kuichukua. Leseni ni ya mtu, na mtu akifa silaha haiwi ya mwanawe kama shamba linavyokuwa. Anayeitaka aombe kwa jina lake, aanze mtaani kama ulivyoanza wewe. Wengi wanakaa na bastola au gobori la marehemu baba kwa miaka, wanaogopa kwenda kituoni. Serikali hutoa vipindi vya msamaha wa kusalimisha kwa hiari, kama Septemba na Oktoba 2023, na Umoja wa Afrika umeuweka mwezi wa Septemba kuwa wa shughuli hiyo. Lakini usiwaachie watoto wako wasubiri msamaha wakati ungeweza kuwaachia karatasi.

Karatasi hiyo hiyo ihusike na uhai pia. Kuna vipindi nyumba haifai kuwa na silaha. Mtu amefilisika, ndoa inawaka moto, kijana amekata tamaa na halali usiku, mzee ameanza kusahau watu. Sefu haisaidii kitu kama mwenye ufunguo ndiye anayeumwa. Nenda kituoni uulize utaratibu wa kuihifadhi huko mpaka mambo yatulie. Usione haya, na usimngoje mtu akuambie.

Leseni ilipiwe kwa wakati. Ukihama wilaya, toa taarifa. Ikipotea au kuibiwa, ripoti saa hiyo hiyo, si kesho baada ya kutafuta kwanza. Ikitumika usiku huo kwenye tukio, utakayeanza kutafutwa ni wewe. Wanaokumbuka mwaka 2016, ulipofanyika uhakiki wa silaha za raia, wanajua foleni ya watu waliofika na bastola mkononi na karatasi hawajui ziliko.

Mipaka. Leseni ya Tanzania inaishia Horohoro na Namanga. Kenya wana sheria yao na bodi yao ya leseni za silaha, wala hawatakusikiliza ukiwaambia umesahau kuitoa kiunoni. Kwa ndege, uliza kampuni na polisi wa uwanja siku kadhaa kabla, si ukiwa umeshavua viatu kwenye mashine ya ukaguzi.

Pombe: ukiinywa, bastola ibaki kwenye sefu. Ugomvi wa maegesho ya gari: funga kioo, ondoka. Kuitoa ili kumtisha mtu ni kosa linaloweza kukupeleka mahakamani hata kama hukufyatua, na aliyetishwa naye pengine anayo bastola yake. Mwaka mpya na harusi, usipige hewani. Inayopanda inashuka, na bati la jirani halikualikwa kwenye sherehe. Unaposafisha, risasi zote ziwe chumba kingine, na unawe mikono kabla ya kula, ule weusi una madini ya risasi, yaani ledi, ndani yake. Risasi zilizolowa au zenye kutu zirudishe kituoni. Fundi wa kufuli wa mtaani asiifungue, hata kama ni hodari. Picha usipige, usiweke kwenye simu, usimwonyeshe mgeni anayesema anataka kuishika tu kidogo aone uzito wake. Msichana wa kazi akibadilika, badilisha namba ya sefu. Mjomba akija kukaa mwezi mzima, badilisha.